Masika Yanakaribia: Mvua, Radi na Ukungu, na Namna ya Kuzisoma Taarifa Zake

Ndugu Wanachama,

Kila mwaka kaskazi inapoanza kuregea na joto la Machi kutuelemea, maswali yanayoletwa katika ofisi ya Chama huwa mamoja. "Masika ya mwaka huu yatakuwaje? Tuitoe miche kitaluni au tungoje?" Mwaka jana tuliwajibu kwa haraka, na haraka ile ilitupatia khasara. Zilinyesha mvua mbili nzito mwanzoni mwa Machi, nasi tukatangaza kuwa masika yameingia, miche ipandwe. Baada ya hapo jua likawaka karibu wiki tatu bila ya tone, na miche mingi ambayo wanachama waliilea kwa taabu ikakauka mashimoni. Wako waliopoteza zaidi ya nusu ya waliyoipanda.

Kosa lile lilikuwa letu sisi wa Halmashauri, wala si la aliyepanda. Taarifa ya siku kumi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha sema kuwa mvua zile ni za kupita na kwamba ukavu utafuata. Karatasi ilikuwa juu ya meza yetu. Hatukuisoma, na pengine hata tungaliisoma tusingaliifahamu sawasawa. Kwa hivyo tumeona yafaa mwaka huu, kabla ya mvua kuanza, tuwaelezeni kwa utaratibu tuliyojifunza tangu siku ile: masika yatoka wapi, taarifa zake zina maana gani, na mambo mawili yafuatanayo nayo, yaani radi na ukungu, yatakiwa yachukuliweje.

MASIKA YATOKA WAPI

Wazee wetu walijua kuwa masika huja baina ya pepo mbili. Kaskazi ikichoka na kusi haijashika nguvu, bahari hutulia, mawingu hupanda, na mvua hunyesha. Maelezo ya wataalamu hayapingani na hayo, bali yanayakamilisha. Jua hupita juu ya ikweta karibu na tarehe 21 Machi, likienda upande wa kaskazini. Pale joto linapokuwa kali, hewa hupanda juu, na pepo za kaskazini na za kusini huja kukutana ili kujaza nafasi yake. Penye makutano hayo hufanyika ukanda mrefu wa mawingu unaoizunguka dunia. Ukanda huo hulifuata jua, ila huchelewa nyuma yake kwa majuma kadhaa, na ndio unapopita juu yetu kuelekea kaskazini tunapopata masika ya Machi, Aprili na Mei. Unaporudi kusini mwishoni mwa mwaka tunapata vuli. Aprili ndio mwezi ambao kwa kawaida mvua huwa nyingi kuliko yote.

Sasa mtu atauliza: ikiwa ukanda huo hupita kila mwaka, kwa nini masika hayawi sawa? Sababu ni kuwa mawingu hayajazwi na jua peke yake. Hujazwa na mvuke wa bahari, na bahari haina joto moja kila mwaka. Tena liko wimbi kubwa la mawingu linaloizunguka dunia kutoka magharibi kwenda mashariki, likitumia kiasi cha siku 30 mpaka 60 katika mzunguko wake. Wataalamu wawili wa Marekani, Roland Madden na Paul Julian, walilieleza wimbi hilo mwaka 1971. Likiwa upande wetu mvua hushikana siku nyingi. Likishapita kwenda mbali, hata katikati ya Aprili mbingu zaweza kukauka. Huenda mvua zile mbili za Machi iliyopita zilikuwa mchezo wa namna hiyo, zilizokuja na kwenda kabla ya masika yenyewe kutulia.

Yafaa pia mjue kuwa masika ni magumu kutabiriwa kuliko vuli. Vuli hufuata sana hali ya Bahari ya Hindi na ile hali ya Bahari ya Pasifiki iitwayo El Niño. Mwaka 1997 na mwaka 2019 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, yaani upande wetu, ulipata joto zaidi kuliko upande wa mashariki, na vuli za miaka hiyo zikafurika Afrika ya Mashariki yote. Masika hayashikiki kwa kamba hiyo moja. Kwa hivyo asiseme mtu, "Mwaka huu ni El Niño, basi masika yatakuwa makubwa." Huenda yakawa, huenda yasiwe.

MAANA YA "JUU YA WASTANI"

Kabla ya kila msimu, wataalamu wa nchi 11 za upande huu wa Afrika hukutana kwa ajili ya kutoa mwelekeo wa mvua kwa eneo zima, chini ya kituo kiitwacho ICPAC kilichoko Nairobi. Kisha Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wake kwa kila sehemu ya nchi, na ndani yake zimo Unguja na Pemba. Khabari hiyo husomwa katika redio na watu huikamata kwa neno moja tu: "Mvua zitakuwa juu ya wastani." Hapo ndipo kufahamiana kunapoharibika.

Hebu tufanye mfano. Chukua vipande 30 vya karatasi, kimoja kwa kila mwaka tangu 1991 mpaka 2020. Katika kila kipande andika jumla ya mvua iliyonyesha kisiwani kwetu mwaka huo tangu Machi mpaka Mei. Vipange kwa safu, tangu mvua chache mpaka mvua nyingi. Kumi vya mwanzo ndivyo "chini ya wastani", kumi vya kati ndivyo "wastani", na kumi vya mwisho ndivyo "juu ya wastani". Ukivitia vyote ndani ya pakacha na kuchomoa kimoja bila ya kutazama, kila fungu lina nafasi sawa na jingine, yaani 33 katika mia.

Kazi ya mtabiri ni kuitazama bahari na pepo, kisha kusema kama nafasi hizo mwaka huu zimeelemea upande mmoja. Tuseme atoe khabari kuwa juu ya wastani ni 45 katika mia, wastani ni 35, na chini ya wastani ni 20. Hapo mvua nyingi ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi. Lakini tazameni ile 20. Hiyo ni mara moja katika kila mara tano. Mwenye kupanda miche yake yote kwa kutegemea 45 amesahau kuwa jumla ya zilizobaki ni 55. Masika yakiwa machache mwaka huo, mtabiri hakuongopa. Sisi ndio tuliosikia nusu ya maneno yake.

Na liko jambo la pili, ambalo kwa mkulima ni kubwa zaidi. Mwelekeo wa msimu husema juu ya jumla ya mvua za miezi mitatu. Hausemi zitagawanyika vipi. Mvua ya kutosha miezi mitatu yaweza kumwagika katika siku kumi, ikachukua udongo wa vilima vyetu mpaka mabondeni, kisha pakawa na ukavu. Kwa hesabu ya vitabu msimu huo utaandikwa kuwa mzuri, na kwa mwenye shamba utakuwa mbaya. Na tena eneo linalosemwa ni pana. Sote tumewahi kuondoka Wete na mvua ya kuzibua masikio, na kufika Mkoani tukakuta vumbi.

Basi mwelekeo wa msimu hauna faida? Unayo, na kubwa, ila kwa mambo yake. Ni wa kuamulia mambo ya mbele: kuzibua mitaro, kutengeneza mapaa ya maghala, kuchimba mashimo mapema, kuweka akiba ya miche isipandwe yote kwa mkupuo mmoja. Si wa kuamulia siku ya kupanda.

MIONGO YA WAZEE NA TAARIFA YA SIKU KUMI

Siku ya kupanda huamuliwa kwa taarifa nyingine, nayo ni ile ya siku kumi. Hapa tuna jambo la kuwafurahisha wazee wetu. Wao walikuwa wakiuhesabu mwaka kwa miongo, kila mwongo siku kumi, tangu siku ya Mwaka, yaani Nairuzi, ambayo Makunduchi bado husherehekewa kila Julai. Nakhodha alijua atweke mwongo gani, na mkulima alijua mwongo gani asafishe konde. Ukihesabu tangu siku hiyo mpaka kiasi cha tarehe 20 Machi utapata siku 240, yaani miongo 24. Wataalamu wa leo nao wameona kuwa siku kumi ndicho kipimo kinachomfaa mkulima, wakaugawa mwezi mafungu matatu ya siku kumi kumi. Kilichoongezeka ni kuwa mzee alihesabu mwongo akijua kawaida ya miaka iliyopita, na taarifa ya leo huongeza khabari ya mawingu ya mwaka huu. Mwenye kuvijua vyote viwili amewashinda wote.

Halmashauri imekubaliana juu ya kanuni tatu za kupanda miche ya mikarafuu mwaka huu, nasi twawaomba wanachama wazifuate.

Kwanza, mvua ya siku moja isitudanganye. Ingojwe mvua ya siku mbili tatu, kisha uchimbwe udongo pembeni mwa shimo. Ukiwa umelowa kwa kina cha shubiri moja au zaidi, ardhi imekubali. Ukiwa umelowa juu tu na chini ni mkavu, bado.

Pili, kabla ya kuutoa mche kitaluni isomwe taarifa ya siku kumi. Ikisema mvua zitapungua au kukatika, mche ubaki kitaluni. Mche hauharibiki kwa kungoja siku kumi zaidi chini ya kivuli, lakini huharibika kwa siku kumi za jua shambani wakati mizizi yake haijashika.

Tatu, isipandwe miche yote siku moja. Ipandwe kwa mafungu mawili au matatu, na kila mche uwe na kivuli chake, cha mgomba au cha makuti. Na pale maji yanapotuama usipandwe mche hata mvua ikiwa nzuri namna gani, maana mkarafuu hupenda maji yapitayo, haupendi kusimama majini.

RADI

Sasa tuje katika jambo ambalo khatari yake si ya mche bali ya roho ya mtu. Masika ndiyo yenye ngurumo na radi za mara kwa mara, khasa yanapoanza na yanapokaribia kwisha.

Wingu la radi ni wingu lililopanda juu mno. Chini yake ni la maji, lakini likishapita kiasi cha kilomita tano kwenda juu huwa ndani ya baridi ya kugandisha, hata hapa kwetu penye joto, na kichwa chake huweza kufika kilomita 12 na zaidi. Huko juu vipande vya barafu vidogo hupanda na vikubwa hushuka, vikigongana na kusuguana, na kwa msuguano huo umeme hugawanyika: wa namna moja hukusanyika juu na wa namna ya pili chini. Unapozidi, huipasua hewa na kukimbilia ardhini. Njia ya radi hupata joto la kiasi cha nyuzi 30,000 za Selsiasi, ambalo ni kiasi cha mara tano ya uso wa jua. Hewa hutanuka kwa ghafla, na mshindo wa kutanuka huko ndio ngurumo.

Mwanga hufika papo hapo, na sauti hutembea polepole, kilomita moja kwa kila sekunde tatu. Kwa hivyo kila mtu anaweza kuipima radi kwa kuhesabu tu. Ukiona mwanga anza kuhesabu, ukisikia ngurumo acha, kisha gawa kwa tatu. Ukihesabu 30, radi iko kilomita 10. Msione kuwa huko ni mbali, kwani radi huweza kuruka kilomita 10 mbele ya mvua yake na kupiga mahali ambapo jua bado linawaka. Kanuni ni hii: ukiisikia ngurumo, umekwisha kuwa karibu nayo. Acheni kazi mwingie ndani, na msitoke mpaka zimepita dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Wengi hupigwa mvua inapoanza au inapokwisha, wakati ambapo watu huona bado au wamekwisha salimika.

Tuna ada moja mbaya ambayo sote tunayo, na sisi waandishi tukiwa ndani yake. Mvua ikitukuta shambani hukimbilia chini ya mkarafuu. Mkarafuu mkubwa una urefu wa mita 10 mpaka 15, na mnazi hupita hapo. Radi hutafuta kilicho kirefu. Ikishaupiga mti, umeme hushuka kwenye shina, na kwa kuwa mwili wa mtu unapitisha umeme kwa wepesi kuliko mti, huruka kutoka shinani na kumwendea aliyesimama karibu. Usipomwendea kwa kuruka, utamwendea kwa kutambaa ardhini kutoka mizizini. Kulowa si neno, nguo hukauka.

Banda la makuti shambani halizuii radi. Nyumba iliyojengwa barabara, yenye kuta na waya za umeme ukutani, ndiyo salama zaidi, na gari lenye paa la bati na vioo vilivyofungwa pia ni salama. Ndani ya nyumba jitengeni na mabomba ya maji, na vyombo vyenye waya vichomolewe mapema. Simu ya mkononi yenyewe haiiti radi, lakini simu iliyounganishwa na waya wa chaji ni khatari. Na wale wanaofunika vioo, tunawaambia kwa heshima kuwa kioo hakina kosa. Kilichokosekana ni ule mlango uliochelewa kufungwa na watoto walio bado uwanjani.

Mkikutwa mahali ambapo hapana nyumba, teremkeni kutoka kilimani, jitengeni na mti uliosimama peke yake, weka chini jembe na panga, na msikusanyike. Mtawanyike, kila mtu mbali na mwenzake, ili radi ikiwapata isiwapate nyote na awepo wa kusaidia. Walio baharini katika ngarawa na mashua wasingoje kuona mwanga; wingu jeusi lenye kichwa kipana likianza kupanda, warudi.

Mwisho wa sehemu hii twataka kuondoa khofu moja inayoua watu. Wapo wanaodhani kuwa aliyepigwa na radi asiguswe kwa kuwa ana umeme mwilini. Hana. Umeme umekwisha pita. Wengi wa wanaopigwa hawafi, na anayekufa mara nyingi hufa kwa kusimama moyo na pumzi. Basi mguseni upesi. Kama hapumui, mlazeni chali, mmoja aweke viganja viwili katikati ya kifua na kukandamiza kwa nguvu na kwa haraka, kiasi cha mara 100 mpaka 120 kwa dakika, bila ya kukata, mpaka apumue au msaada ufike. Mwingine apige simu hospitali. Dakika hizo chache ndizo zenye uhai wake.

UKUNGU

Baada ya usiku wa mvua, mbingu zikifunguka na upepo ukitulia, asubuhi hukuta mabonde yetu yamejaa ukungu mweupe. Ardhi yenye maji hupoa usiku, hewa iliyoigusa hupoa nayo, na mvuke uliomo hugeuka matone madogo mno yanayoelea. Hewa baridi ni nzito, kwa hivyo huteremka mabondeni. Ndio maana mtu wa kilimani huamka na jua na mtu wa bondeni huamka haoni mnazi wake. Wataalamu huuita ukungu hasa ule unaozuia kuona kupita kilomita moja. Baharini kwetu ni nadra, kwa sababu ukungu wa bahari hutaka maji baridi, na bahari yetu wakati wa masika ina joto. Hukohuko baharini kinachoziba macho ni mvua yenyewe.

Ukungu wa nchi kavu huondoka jua likipanda, mara nyingi kabla ya saa tatu. Lakini saa zile mbili za alfajiri ndizo za watoto kwenda chuoni na skuli, na za gari na baiskeli kuteremka katika kona za vilima. Wenye gari wawashe taa na wapunguze mwendo. Wenye baiskeli wavae kitu cheupe.

Lugha yetu imetupa neno moja kwa vitu viwili, na sijambo la bure. Ukungu wa asubuhi ndio mama wa ule ukungu mwingine unaoota juu ya karafuu. Karafuu iliyokaushwa vyema ni kavu na ngumu, huvunjika kwa mlio, lakini hewa ya masika huirudisha unyevu ikiwa imewekwa vibaya. Wenye akiba ya karafuu au makonyo ghalani wasiyaache magunia sakafuni wala yasigusane na ukuta. Yainuliwe juu ya mbao, na pawe na nafasi ya hewa kupita. Asubuhi ya ukungu madirisha ya ghala yafungwe; adhuhuri, jua likiwaka, yafunguliwe. Na zile chache zitakazochumwa wakati wa mvua zisilimbikwe zikiwa mbichi hata usiku mmoja, maana huumuka zikawa mpeta, na mpeta hautengenezeki tena.

UPEPO, NA SOMO LA MWAKA 1872

Watu wa Pemba twapenda kusema kuwa kimbunga hakituhusu. Ni kweli kwamba karibu na ikweta vimbunga ni adimu, kwa sababu dunia inavyozunguka haiupi upepo wa huku nguvu ya kujipinda. Lakini adimu si muhali. Tarehe 15 Aprili 1872, katikati ya masika, zama za Sayyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha kiasi cha thuluthi mbili ya mikarafuu yake. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo yenye karafuu nyingi zaidi. Neema yetu ya leo ilianza kwa msiba wa ndugu zetu. Na mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia na pwani ya kusini ya Tanzania, hata vyombo vya baharini huku kwetu vikasimamishwa.

Kwa hivyo yafaa tuyajue maneno matatu yatumiwayo na Mamlaka: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Angalizo ni ufahamu, jiwekeni tayari. Tahadhari ni kuchukua hatua. Tahadhari kubwa ni kuacha yote na kujiokoa. Wakisema mvua kubwa, maana yake ni zaidi ya milimita 50 katika saa 24. Wakisema upepo mkali, maana yake ni wa kilomita 40 kwa saa au zaidi, nao hutosha kuvunja matawi.

Tawi lililovunjika lisiachwe likining'inia. Watafiti Nutman na Roberts, waliofanya kazi hapa Zanzibar katika miaka ya 1950, walionyesha kuwa maradhi ya kukauka matawi huuingia mkarafuu kupitia vidonda. Likatwe kwa msumeno mkali pale palipo pazima, na lililokatwa liondolewe shambani na kuchomwa.

TULIYOAZIMIA

Mambo mawili Halmashauri imeazimia mwaka huu. La kwanza, taarifa ya siku kumi itabandikwa katika ubao wa ofisi ya Chama siku ileile inapotolewa, na itasomwa kwa sauti baada ya mkutano wa kila tawi, ikifasiriwa maana yake. La pili, waliopoteza miche mwaka jana kwa tangazo letu watatangulizwa katika mgao wa kitalu cha Chama kabla ya mtu mwingine yeyote, na wajumbe wa Halmashauri watakuwa wa mwisho. Anayehusika alete jina lake kwa mjumbe wa tawi lake kabla ya mwisho wa Februari.

Sisi hatuijui mvua ya kesho, wala wataalamu hawadai kuijua. Ilmu yake kamili iko kwa Mwenyezi Mungu. Lakini dalili ya mvua ni mawingu, na aliyeona dalili akapuuza hana wa kumlaumu. Mwaka jana tulizipuuza sisi. Mwaka huu, Inshaallah, tutazisoma pamoja.

Wenu katika utumishi,
Katibu, kwa niaba ya Halmashauri ya Chama